Kuchagua Mashine ya Altrasaundi kwa Kliniki Ndogo ya Wanawake: Mtazamo kutoka Mji wa Diff

1. Utangulizi

Nimeombwa nieleze jinsi kliniki ndogo ya magonjwa ya wanawake mjini Diff, kule Wajir Kusini karibu na mpaka wa Somalia, inavyoweza kuchagua mashine ya altrasaundi. Haja yenyewe haina ubishi. Takwimu zilizotokana na sensa ya 2009 ziliipa Wajir vifo 1,683 vya uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, ilhali wastani wa taifa ulikuwa 495. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apigwe altrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki ya 24.

2. Maana ya istilahi

Nitapita haraka, kwa kuwa wengi wenu mnayajua haya. Altrasaundi ni picha inayotokana na mwangwi wa mawimbi ya sauti. Haina mionzi kama eksirei. Probu ni kile kichwa kinachopakwa jeli na kuwekwa mwilini. Probu ya tumbo hufanya kazi kati ya megahezi 2 na 5 hivi: huona mbali lakini si kwa uwazi. Probu ya ukeni hutumia masafa ya juu zaidi: huona karibu, tena vizuri, hasa mimba changa au iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi.

Mashine zenyewe ziko za aina tatu: ya magurudumu, ya kubebeka mfano wa kompyuta ya mapajani, na ya mkononi inayounganishwa na simu.

3. Tatizo la msingi: umeme na fundi

Wauzaji hutuonyesha uzuri wa picha. Sijapata kuona kliniki ya huku ikifungwa kwa sababu picha haikuwa nzuri. Nimeona chumba kikifungwa kwa sababu ya fyuzi, ya waya wa probu uliokatika ndani, na ya ubao wa umeme ulioungua siku jenereta ilipozimwa na kuwashwa.

Miji ya Wajir na Habaswein imetegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi. Katika kituo kidogo hali ni ngumu zaidi: jenereta moja huendesha friji ya chanjo, pampu ya maji na taa. Pampu ikianza kuvuta, volti hushuka; ikizimwa, hupanda ghafla. Friji huvumilia, lakini mashine ya altrasaundi haivumilii. Stabilaiza, yaani kifaa cha kusawazisha volti, peke yake haitoshi, kwa sababu haiwezi kushikilia mashine umeme unapokatika. Inverta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri) ya bei rahisi nayo hutoa umeme wenye mawimbi makali, na skrini hujaa michirizi ambayo mkunga asiye mzoefu hudhani ni ugonjwa.

Kuna msaada wa mashine zilizokwisha kutumika ng'ambo. Nyingine zimetengenezwa kwa volti 120, nasi tunatumia 240. Mashine kama hiyo ikichomekwa bila kubadilishwa, huungua siku ya kwanza, na hafla ya makabidhiano inakuwa ndiyo mazishi yake.

Joto nalo lina sehemu yake. Mashine nyingi zimeandikwa kikomo cha nyuzi 35 au 40, na chumba cha mabati huvuka hapo mchana wa Machi. Zile za mkononi hupata moto na kujizima zenyewe katikati ya kipimo. Vumbi huziba feni.

Mashine ikiharibika, nani aje? Kampuni nyingi zina mafundi wao Nairobi. Baada ya mashambulizi ya kigaidi yaliyowafanya walimu na wahudumu wengi wasio wenyeji kuondoka kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, ni vigumu kumlaumu fundi anayekataa safari. Lakini mikataba ya matengenezo tunayotia saini husema atakuja ndani ya siku chache. Kwa heshima kwa ofisi zote zinazohusika, naomba niseme wazi: mkataba wa matengenezo usiotaja mji wa Diff ni mkataba wa Nairobi.

Tatizo hili si letu peke yetu. Utafiti wa Perry na Malkin wa mwaka 2011 ulikuta kuwa asilimia 38.3 ya vifaa tiba katika nchi zenye uwezo mdogo havifanyi kazi, sababu kubwa zikiwa mafunzo, usimamizi na miundombinu. Hapa Kenya, mpango wa kukodi vifaa ulioanza 2015 ulipeleka mashine katika hospitali ambazo nyingine hazikuwa na umeme wala wataalamu wa kuziendesha. Maseneta walilichunguza jambo hilo. Sisi tunaendelea kununua vilevile.

4. Mapendekezo

1. Kliniki inunue mashine ya kubebeka yenye betri yake. Ya mkononi iwe ya akiba.
2. Umeme upimwe kabla ya zabuni, pampu ikiwa inafanya kazi.
3. Bei ya inverta ya mawimbi laini, betri na paneli za sola iwe ndani ya bei ya mashine.
4. Asipokee mtu msaada wowote kabla ya kusoma volti nyuma ya mashine.
5. Probu ya tumbo itangulie. Ya ukeni inunuliwe pia, lakini tukumbuke kwamba ukeketaji wa kushonwa huwazuia baadhi ya wanawake kuitumia. Mgonjwa aulizwe kwanza, na kwa faragha.
6. Mpimaji awe mwanamke pale inapowezekana. Mkunga mwenyeji afunzwe, maana hatahama.
7. Fundi mmoja wa vifaa tiba awekwe Wajir au Garissa, mwenye fyuzi, feni na probu ya akiba.
8. Mkataba utaje Diff kwa jina, pamoja na fidia fundi asipofika.
9. Ada ya kila mwaka ya programu, inayodaiwa na baadhi ya mashine za mkononi, ijulikane mapema.
10. Chumba kiwe na kivuli na pazia, na feni isafishwe kila wiki.
11. Narudia: umeme upimwe kabla ya zabuni.

5. Hitimisho

Kamati ya kliniki ikibakiwa na fedha za kitu kimoja tu baada ya mashine, isinunue probu ya tatu. Ilipie mafunzo ya fundi.