BAHARI YENYE KIBALI: KUTOKA KARTAZI YA MRENO HADI KIPANDE CHA MWINGEREZA

(Hotuba iliyotolewa mjini Mombasa katika mkutano wa elimu ya uraia)



Nimeombwa niseme juu ya kuja kwa Wazungu katika pwani hii na mambo yaliyofuata. Somo hili ni pana mno, nami nimepewa nusu saa. Kwa hiyo sitathubutu kuwasimulia yote. Nitafuata kitu kimoja tu, nacho ni karatasi. Nataka tutazame jinsi mgeni alivyoweza kumfanya mwenyeji aombe ruhusa ya kutenda jambo ambalo baba yake na babu yake walilitenda bila ya kumwomba mtu.

Wengi wenu hupita Ngomeni kila siku. Juu ya lango la Ngome ya Yesu pana jiwe lililoandikwa kwa Kireno. Nadhani si wengi waliowahi kuuliza limesema nini. Jiwe hilo linamsifu kapteni mmoja, Francisco de Seixas de Cabreira, aliyepewa ngome hiyo mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27. Linajigamba kwamba aliifanya pwani ilipe kodi ya utii, kwamba alibomoa kuta za Pate na Siyu, na kwamba aliiadhibu Pemba. Ukiondoa ngome yenyewe aliyoitengeneza upya, jiwe halitaji kitu hata kimoja alichowaachia watu wa pwani. Kijana wa miaka 27, ndugu zangu! Leo kijana wa umri huo huambiwa angojee zamu yake.

Sasa turudi nyuma kidogo, kabla ya jiwe hilo na kabla ya ngome. Bahari yetu ilikuwa na desturi zake. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ikavirudisha. Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, akaona miji yenye misikiti na watu wacha Mungu. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa katika jumba la mfalme wa China. Dhahabu ilitoka Sofala, nguo zikatoka Cambay, pembe zikatoka bara. Sisemi kwamba ilikuwa pepo. Watumwa waliuzwa, na miji ilioneana wivu na kupigana. Ila kila mji ulitoza ushuru bandarini kwake, na hapakuwa na sultani aliyediriki kudai kwamba maji yenyewe ni mali yake na kwamba apitaye juu yake sharti awe na idhini yake.

Vasco da Gama aliondoka Lisbon mwaka 1497, akafika Mombasa mwezi wa Aprili 1498. Hapa hakukaribishwa vyema. Malindi walimpokea, wakampa rubani aliyeijua njia, na rubani huyo ndiye aliyemvusha hadi Calicut. Vitabu tulivyosomeshwa vilisema Da Gama aliivumbua njia ya Bara Hindi. Kwa hakika, kuanzia Malindi alikuwa abiria.

Huko Calicut lilitokea jambo ambalo naomba mlitie maanani. Mreno alitoa zawadi zake kwa mtawala: nguo, kofia, mabeseni, marijani, sukari, mafuta na asali. Watu wa jumba la mfalme walicheka. Walimwambia kwamba hata mfanyabiashara maskini atokaye Maka huleta zaidi ya hapo. Huu ndio mzizi wa mambo yote nitakayosema. Mreno aliingia katika soko kubwa la dunia bila ya bidhaa ambayo mtu aliitaka. Alichokuwa nacho ni merikebu imara na mizinga. Kwa hiyo, kwa kuwa hakuwa na cha kuuza, aliamua kuuza ruhusa.

Mfalme wake, Manuel, alijiita bwana wa ushindi, wa usafiri wa baharini na wa biashara ya Uhabeshi, Arabuni, Uajemi na Bara Hindi. Alijipa cheo hicho wakati ambapo nchi hizo hakuzimiliki hata kwa shibiri moja. Karatasi ilitangulia, mizinga ikafuata. Mwaka 1502 Da Gama alirudi na kuilazimisha Kilwa ilipe kodi kwa dhahabu. Mwaka 1505 akaja Francisco de Almeida na kundi la merikebu zaidi ya 20. Akaiteka Kilwa, kisha akaichoma Mombasa na kuipora. Sofala ikajengewa ngome mwaka huo huo, na biashara ya dhahabu iliyoinawirisha Kilwa ikavurugika. Mreno mwenyewe hakufaidi alivyotazamia, kwa maana wafanyabiashara waligeuza njia na kupitia bandari nyingine. Ngome ya Kilwa aliiacha mwaka 1512. Basi alivunja asichoweza kukiendesha.

Ndipo tunafika kwenye karatasi yenyewe. Waliiita cartaz, tuseme kartazi. Wataalamu wa lugha husema neno hilo liliingia katika Kireno kutoka Kiarabu, kutoka neno lile lile lililotupa sisi karatasi. Kila chombo cha mwenyeji katika Bahari ya Hindi kilitakiwa kuwa na kartazi iliyotiwa sahihi na ofisa wa Kireno. Iliandikwa jina la chombo, jina la nahodha, ukubwa wa chombo, mabaharia wake, kitokako na kiendako. Iliandikwa pia vitu ambavyo ni marufuku kuvichukua, hasa silaha na viungo ambavyo Mreno alijiwekea yeye peke yake. Bei ya karatasi yenyewe ilikuwa ndogo. Mtego ulikuwa ndani yake: chombo kililazimishwa kupitia bandari ya Mreno na kulipa ushuru huko, hata kama njia yake haikuelekea huko. Chombo kilichokamatwa bila ya kartazi kilinyang'anywa pamoja na shehena yake, na mabaharia wake wakauawa au wakatiwa utumwani.

Fikirini nahodha ambaye ukoo wake umeifuata kusi kwa vizazi kumi. Asubuhi moja anaambiwa kwamba yeye ni mhalifu, si kwa kuwa ameiba au ameua, bali kwa kuwa anasafiri.

Hapa sina budi kusema neno ambalo huenda lisiwapendeze wote. Mreno hakuyafanya haya peke yake. Malindi, kwa sababu ya ugomvi wake wa zamani na Mombasa, ilikuwa rafiki yake kwa karibu miaka mia moja. Ngome ya Yesu ilipoanza kujengwa mwaka 1593, mfalme wa Malindi aliletwa kutawala Mombasa, akaahidiwa fungu la mapato ya forodha. Urafiki huo uliishia wapi? Mfalme Hasan alikosana na makapteni wa ngome, akakimbilia bara, akauawa mwaka 1614. Mwanawe Yusuf alichukuliwa Goa akiwa mtoto, akabatizwa jina la Jerónimo, akafunzwa adabu za kizungu, kisha akarudishwa kuwa mfalme mtiifu. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni, na ngome ikawa mikononi mwake. Mwaka uliofuata aliiacha na kuondoka na vyombo, akaishi baharini kama haramia. Mjukuu wa rafiki mkubwa wa Mreno hakupata mahali pa kutia nanga katika pwani yake mwenyewe.

Haki itendeke: Wareno waliacha pia mahindi na mihogo kutoka Amerika, na kuna Mkenya gani leo asiyekula sima? Walituachia meza, leso na bendera. Walituachia na gereza, neno litokalo kwenye jina lao la kanisa. Jinsi nyumba ya ibada ilivyogeuka kuwa kifungo midomoni mwa wazee wetu, hilo nawaachia mlitafakari wenyewe.

Mwaka 1698, baada ya kuzingirwa kwa karibu miaka mitatu, ngome iliangukia mikononi mwa Waomani. Walirudi Wareno kwa muda mfupi mwaka 1728, wakafukuzwa mwaka uliofuata. Kartazi ikazama. Lakini fikra yake haikuzama, na Mzungu wa pili alipokuja alikuwa nayo mfukoni.

Huyu wa pili hakuja kama serikali, alikuja kama kampuni. Mwaka 1887 Sultani Barghash wa Unguja aliwakodisha Waingereza ukanda wa pwani, na mwaka 1888 Malkia Victoria akaipa kampuni ya William Mackinnon hati ya kifalme: ruhusa ya kutawala, kutoza kodi na kufanya mikataba na watu ambao hawakuwa wameulizwa. Kampuni ilipata hasara. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ilichukua nchi, na kampuni ikalipwa fidia ya pauni 250,000, ambazo 200,000 zilitoka katika hazina ya Sultani wa Unguja. Yaani mwenye pwani ndiye aliyemlipa mpangaji ili aondoke, na pwani asirudishiwe.

Nyinyi wa Kilifi, Kwale na Malindi mnaoitwa maskwota katika ardhi ya mababu zenu, sikilizeni mwaka huu: 1908. Ndipo ilipotungwa sheria ya hatimiliki za ardhi za pwani. Kila mwenye shamba alitakiwa kujitokeza kwa muda uliowekwa, na ushahidi wake. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Waliokuwa na hati walijua pa kuzipeleka. Lakini Mmijikenda, ambaye ardhi yake ni ya ukoo na ushahidi wake ni makaburi na minazi, alikuwa na karatasi gani? Jambo hili halijafa. Mnalala nalo kila usiku. Mekatilili wa Menza alipowaapisha Wagiriama mwaka 1913 wasitoe kodi wala vibarua, alihamishiwa Kisii, akatoroka na kurudi kwao kwa miguu.

Huko bara, sheria ya mwaka 1915 iliifanya ardhi yote ya Waafrika kuwa ya Mfalme, na mlowezi akaweza kukodishwa kwa miaka 999. Mlowezi alipata ardhi, hakupata mikono. Kama Mreno wa Calicut, hakuwa na kitu cha kumvutia mtu, kwa kuwa ujira wake haukutosha. Basi kodi ya kibanda ikamsukuma Mwafrika atoke nyumbani, na mwaka 1921 ilipandishwa hadi shilingi 16. Na ili asikimbie, kuanzia mwaka 1920 kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi akavikwa kipande.

Babu yangu alikuwa nacho. Alama za vidole, jina, jina la mwajiri, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, na mshahara. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa na sumu. Mwajiri mpya alisoma ulilipwa ngapi kwa mwajiri wa jana, akakupa hicho hicho. Ukiondoka bila ya sahihi ya bwana, huwezi kuajiriwa pengine. Ukikutwa bila ya kipande, faini au kifungo. Kilikaa ndani ya kikebe cha bati shingoni. Babu hakusema kilikuwa kizito, alisema kilikuwa kinagonga.

Harry Thuku alikamatwa mwezi wa Machi 1922 kwa kukipinga kipande, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Umati ulipokusanyika Nairobi kudai aachiliwe, ulipigwa risasi. Serikali yenyewe ilikiri kwamba walikufa watu 21, mmoja wao Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewakemea wanaume kwa kusitasita.

Kipande kilifutwa mwaka 1947. Lakini mwaka 1950 mkoloni alituwekea sheria nyingine, na kwa sheria hiyo mkutano wa hadhara ulihitaji leseni ya ofisa wa serikali. Bendera ilibadilishwa mwaka 1963, leseni ikabaki. Ilibaki kwa sababu ilimfaa aliyerithi kiti. Mwaka 1990 mkutano wa Kamukunji ulinyimwa leseni, na siku tatu kabla ya Saba Saba Kenneth Matiba na Charles Rubia wakatiwa kizuizini. Mimi mwenyewe, mwaka 1992, tulipokwisha kuambiwa kwamba vyama vingi vimeruhusiwa, nilikaa siku tatu kwenye benchi la ofisi moja ya wilaya nikingojea leseni ya kuzungumza na majirani zangu. Siku ya tatu karani akaniambia, kwa upole, kwamba barua yangu haionekani.

Leseni ilifutwa mwaka 1997, ikawekwa taarifa badala yake. Katiba ya 2010 ikatangaza kukusanyika kwa amani kuwa haki ya kila mtu. Hata hivyo wapo maofisa ambao hadi leo huipokea taarifa kana kwamba ni ombi, nao huketi wakifikiri kama watalikubali. Ukienda kwao, usiseme "naomba". Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri na kutiwa tarehe, uirudishe nyumbani.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona unaitazama saa. Pale mstari wa mbele ameketi mzee aliyekuja kutoka Rabai na kikebe cha marehemu baba yake, karatasi ikiwa bado imo ndani. Dakika zangu zilizosalia naomba apewe yeye.