Mzigo Upimwe Njiani



Wahitimu, risala yenu nimeisikiliza hadi mwisho. Mmeomba kompyuta, uzio na kisima. Nitayafikisha panapohusika. Ila mimi ni mwalimu mstaafu, na mwalimu mstaafu akishapewa kipaza sauti haishii kwenye ahadi. Leo nataka tuzungumze alama. Si zenu, hizo zimeshapita. Nazungumzia za watoto mnaokwenda kuwafundisha.

Mji huu wa Tabora mnaouaga ulikuwa kituo cha misafara. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika hapa, enzi hizo pakiitwa Kazeh, Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwishajenga, na Wanyamwezi wameizoea siku nyingi njia ya kwenda pwani na kurudi. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na ushee, achilia mbali mkeka na sufuria yake. Msafara ukifika hapa Unyanyembe ulipumzika: wapagazi wengine walilipwa wakaachia hapo, wengine wakaandikwa, mizigo ikafungwa upya. Mnyampara aliyeijua kazi yake hakungoja kufika Ujiji, mwisho wa safari, ndipo aulize nani alilemewa njiani.

Sisi shuleni tumezoea kuuliza Ujiji.

Mwaka 2013, ninyi mkiwa bado watoto, yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi ilitikisika. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, matokeo yakafutwa, yakapangwa upya na kutangazwa tena. Kwa miezi kadhaa watu walibishana juu ya kanuni za kupanga madaraja. Lakini watoto wale walikuwa wameshapimwa kidato cha pili, tena katika kipindi ambacho aliyeshindwa aliruhusiwa kuendelea na safari. Dalili zilionekana miaka miwili kabla. Nionavyo mimi, aibu yetu ilikuwa hapo zaidi kuliko kwenye yale masifuri.

Kuna sababu ya kihistoria ya mazoea haya ya kungoja mtihani wa mwisho. Tabora School, hapo mnapopaona, ilianzishwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1920, na ililenga zaidi watoto wa machifu. Mwalimu Nyerere alisoma hapo, na aliporudi kutoka Makerere akafundisha St. Mary's, mji huu huu. Nafasi zilikuwa chache mno, kwa hiyo mtihani ulikuwa chekecheke: wachache wabaki, wengine warudi kijijini. Leo tuna shule za kata, na tangu 2016 elimu ya sekondari hadi kidato cha nne haina ada. Mlango tumeupanua, ila chekecheke tumebaki nalo mkononi.

Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora, Januari 2023, wengi walilalamika. Mimi nilifurahi. Ile orodha haikumwambia mwalimu wa Sikonge afanye nini akiingia darasani kesho yake.

Sasa niwape mfano wa alama inayomwambia. Tuseme umepangiwa shule ya kata kule Urambo, wewe ni mwalimu wa darasa kidato cha pili. Fungua daftari la mahudhurio. Usikimbilie jumla iliyo chini ya ukurasa. Chukua jina moja uusome mstari wake wote. Januari kijana yupo kila siku. Katikati ya Februari anaanza kukosekana Jumatatu na Jumanne. Machi anakosa siku tatu kwa wiki. Mei amerudi. Weka kando yake majaribio ya hisabati, si jumla, bali swali moja moja. Mada za Januari anapata. Za Juni anapata. Za Machi zote ameacha wazi.

Mwalimu asiye na daftari mkononi atasema mtoto huyu hisabati haimo. Mwenye daftari ataukumbuka msimu wa tumbaku: majani yanachumwa, yanafungwa kwenye fito, yanaingizwa kwenye bani, na moto wa bani haulali peke yake. Kijana alikuwa anaukeshea. Haimo vipi, naye hakuwepo? Kwa huyo adhabu haisaidii, na kukariri mwaka mzima ni kupita kiasi. Anahitaji wiki mbili za mada za Machi, wakati tumbaku imeshakwenda sokoni, na mzazi wake aitwe Desemba, kabla jani la kwanza halijachumwa. Hapo ndipo tarakimu inapofanana na kazi ya ualimu.

Vyombo vya kufanyia haya mnavyo vingi kuliko tulivyokuwa navyo sisi. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 vimegawiwa kwa walimu; visiwe vya kuangalia mpira tu. Mwanafunzi anasajiliwa kwa namba ya PREM tangu shule ya msingi, kwa hiyo akihama hapaswi kufika kwako kama mgeni asiye na historia. Na kila mwaka Baraza la Mitihani linatoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, swali kwa swali, imo kwenye tovuti yao bure. Humo mna majibu mazuri na mabovu ya watahiniwa wenyewe, na mada zimepakwa kijani, njano na nyekundu. Nimeingia ofisi nyingi za walimu wa taaluma. Ukutani naona ratiba na kalenda ya benki, taarifa hiyo sijaiona. Ichapisheni, kila mmoja hata kurasa za somo lake tu.

Wazazi wengi hapa mnawaza chuo kikuu. Kigezo cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu kwa aliyetoka kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla ya pointi 4. Pointi hizo humfungulia mtu lango. Hazisemi kama ataweza kusoma kurasa arobaini za Kiingereza kwa usiku mmoja na kuzieleza asubuhi, na huko ndiko wengi wanakokwamia. Chanzo chake ni kidato cha kwanza, mtoto anapotoka kwenye Kiswahili cha miaka saba akatumbukizwa kwenye kitabu cha baiolojia cha Kiingereza. Basi wiki ya kwanza mpe kila mmoja aya moja ya kitabu hicho. Aisome kwa sauti, kisha akueleze kwa Kiswahili imesema nini. Andika: huyu anasoma na kuelewa, huyu anasoma tu, huyu hasomi. Rudia Juni, rudia Novemba. Ukiona wale wa kundi la kati hawasogei, badilisha unavyofundisha, usisubiri mkaguzi.

Jambo la mwisho linahusu simu zenu. Kuna mtindo wa kupiga picha karatasi ya alama za darasa zima na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, majina yote wazi, wa mwisho amezungushiwa kalamu nyekundu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, alama ya mtoto ni ya mtoto, mzazi wake na mwalimu wake. Wa mwisho akishaanikwa mbele ya kijiji hatakuja tena kukwambia ni wapi hakuelewa, na daftari lako lote litabaki tarakimu tupu.

Mkuu wa Chuo, nimeambiwa vyeti viko mezani. Naomba tuanze na wahitimu wa sayansi.