Kufungwa si kupoteza kura
Mazungumzo kwa mukutano wa wamemba, Likasi



Leo tunasema juu ya neno tunalosikia kila mara, Kikula na Shituru: «Mimi nilifungwa Buluwo, siwezi tena kuchagua.» Mutu anasema hivyo, anakaa kimya, hata kama hakuna tribinali iliyomukataza.

Tuangalie sheria. Katiba ya mwaka 2006, artikle 5, inasema muchaguzi ni kila Mukongomani mwenye kutimiza miaka 18 na mwenye haki zake za kiraia na za kisiasa. Sheria ya uchaguzi ya mwaka ule ule inakataza mutu aliyenyanganywa haki hizo na hukumu isiyoweza tena kubadilishwa. Haisemi «kila mutu aliyefungwa». Basi swali si kama ulilala gereza. Swali njo hili: zuzi aliandika nini?

Kuko bandugu walioshikwa kwenye karyeri, wakakaa ndani miezi, na hawakuhukumiwa hata siku moja. Hao hawana hukumu. Wengine walimaliza azabu, lakini karatasi ya kutoka ilipotea. Patro akiomba kazie, wanaogopa, wanarudia kuchimba kwa kujificha.

Na sisi tuliorudi? Kwa uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, Wakongomani wa inje waliandikishwa katika inchi 5 tu: Afrika ya Kusini, Ubelgiji, Ufaransa, Marekani na Kanada. Aliyekuwa Zambia hakuandikishwa kule. Yeye hakufutwa, alikosa karte tu. Lakini karte ile njo inatutambulisha barabarani, benki, na kwa patro.

Kwa hiyo tunafanya kazi namna hii. Kwanza, tunamusindikiza memba kwa karani wa tribinali kuomba kopi ya hukumu, na kwa gereza kuomba karatasi ya kutoka. Pili, kama hukumu iko, tunatafuta avoka wa kuomba reabilitasyo; azabu iwe imekwisha, na malipo ya mwenye kukosewa yawe yamelipwa. Tatu, CENI ikifungua uandikishaji, tunaenda pamoja, hakuna wa kubakia nyumba kwa haya.

Feza munazotuma zinalipa kopi, transport na avoka. Na ninyi wamemba, tafazali, musitupe karatasi hata moja. Muzilete, tuzisome pamoja.