Kuwinda kwa Picha

Jioni ya leo nataka kusema nanyi habari za watu wawindao bila bunduki wala mshale, yaani wapigaji wa picha za wanyama wa porini, picha za karatasi na picha za sinema. Huenda yuko msikilizaji atakayesema moyoni mwake, "Picha ya mnyama ni karatasi tu. Haina nyama wala ngozi, nayo haimzuii tembo asile mahindi yangu." Maneno hayo ni ya haki, nami nitayarudia baadaye. Lakini kwanza yafaa mjue ya kuwa karatasi hizo zimepata kufanya kazi kubwa katika nchi zetu, na ya kuwa kazi hiyo haikuwa nzuri yote.

Mmoja wa watu wa kwanza kusifiwa kwa kazi hii katika Afrika ya Mashariki alikuwa Mjerumani, jina lake Carl Georg Schillings. Alikuja kuwinda kwa bunduki, kama ilivyokuwa desturi ya wageni wa siku zile, kisha akashikwa na hamu ya kupata picha za wanyama wakati wa usiku. Kazi ilikuwa ngumu. Kamera ilikuwa sanduku zito, na ndani yake sahani za kioo zilizoweza kuvunjika njiani juu ya vichwa vya wapagazi. Hata hivyo Schillings alimfunga punda au ng'ombe penye njia ya simba, akatega uzi. Simba akija kurukia chambo aligusa uzi, baruti ya mwanga ikalipuka, na usiku ukawa mchana kwa nukta moja. Kitabu chake kilitoka Ujerumani mwaka wa 1905, na katika jina lake mwanga na bunduki vimetajwa pamoja. Jina hilo lilisema kweli, maana mwenyewe alikuwa bado akiua. Walakini watu wa Ulaya walioona picha zile waliona kwa mara ya kwanza jinsi mnyama wa Afrika alivyo akiwa peke yake gizani, asiyekuwa amekufa chini ya mguu wa mwindaji.

Mtego ule haukufa pamoja na Schillings. Leo ziko kamera ndogo zinazofungwa juu ya miti, zijipigazo zenyewe mnyama apitapo mbele yake. Kuanzia mwaka wa 2010 wataalamu walifunga kamera za namna hiyo 225 katika Serengeti, katika eneo la kilometa za mraba 1,125, na picha zikawa nyingi mno hata hawakuweza kuzitazama wenyewe. Wakawaomba watu wa nchi mbalimbali wawasaidie, kila mtu kwao, na watu zaidi ya 28,000 wakaitikia, wakakaa wakisema: huyu ni nyumbu, huyu ni fisi, huyu simjui.

Sasa nimeitaja Serengeti, na hapo ndipo penye habari yangu hasa.

Baada ya vita kuu ya pili alikuwako katika mji wa Frankfurt daktari wa wanyama, Bernhard Grzimek, aliyekuwa mkuu wa bustani ya wanyama ya mji ule. Yeye na mwanawe Michael walitengeneza sinema juu ya wanyama wa Kongo, ikaonyeshwa mwaka wa 1956. Neno lake lilikuwa kwamba wanyama wa porini wanakosa mahali pa kukaa hapa duniani. Sinema ilipendwa sana, ikaleta fedha. Baba na mwana wakakata shauri kutoa fedha zile zinunuliwe ardhi kwa ajili ya wanyama wa Serengeti, kwa maana walikuwa wamesikia ya kwamba serikali ya Tanganyika inataka kupunguza mipaka ya hifadhi ile. Mkuu wa hifadhi za Tanganyika siku zile, Peter Molloy, aliwapa shauri jingine. Aliwaambia kwamba haifai kukata mipaka hali hapana ajuaye ni wanyama wangapi walioko, wala njia wapitazo mwaka mzima. Basi afadhali fedha zile zitumike kuhesabu.

Wazee wetu wahesabu ng'ombe zizini jioni, mmoja mmoja apitapo mlangoni. Lakini nyumbu hana zizi. Baba na mwana wakajifunza kuendesha eropleni, wakanunua moja ndogo iwezayo kutua mahali pafupi, wakaipaka milia myeusi na myeupe kama punda milia, kisha wakairusha wenyewe toka Ujerumani mpaka Tanganyika mwisho wa mwaka wa 1957. Waligawanya nchi kwa vipande, wakaruka chini chini huku na huku kama mkulima alimaye matuta, wakihesabu. Mwezi wa Januari 1958 wakapata hesabu yao: wanyama wakubwa 366,980, na katika hao nyumbu 99,481. Pia waliwavika wanyama wengine ukosi wa rangi shingoni ili wawatambue tena wakiwa mbali, na kwa njia hiyo wakaona ya kuwa makundi hupita mpaka mahali palipokuwa pamekusudiwa kutolewa katika hifadhi.

Hesabu ile haikuwa kamili. Miaka michache baadaye waliohesabu nyumbu walipata zaidi ya 200,000. Na hapa tena picha ilikuwa na faida yake, kwa sababu wahesabuji wa nyuma walipiga picha toka juu, kisha wakakaa mezani na kuhesabu vichwa kwa utulivu. Jicho la mtu aliye ndani ya eropleni huchoka, karatasi haichoki.

Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa akiruka peke yake. Eropleni yake ikagongana na tumbusi, yule ndege alaye mizoga. Ikaanguka, naye akafa. Umri wake ulikuwa miaka 24. Alizikwa juu ya ukingo wa bonde la Ngorongoro, na mpaka leo wapitao njia ile huliona kaburi lake la mawe. Baba yake aliimaliza sinema, ikatoka mwaka ule ule pamoja na kitabu, na jina la vyote viwili lilisema kwamba Serengeti haina budi isife. Mwaka wa 1960 sinema ile ilipewa Marekani tuzo kubwa ya sinema iitwayo Oscar. Kitabu kikafasiriwa kwa lugha nyingi. Watu waliokuwa hawajapata kusikia jina la Serengeti wakaanza kulitaja kana kwamba ni mji wa jirani, na fedha zikaja. Chama cha wanyama cha Frankfurt kingali kinafanya kazi pale hata leo. Bernhard Grzimek alifariki mwaka wa 1987, na majivu yake yakaletwa yakazikwa kando ya mwanawe.

Hiyo ndiyo sifa ya picha, na ni sifa ya haki. Lakini kila picha ina ukingo, na yule aishikaye kamera ndiye achaguaye kitakachoingia ndani ya ukingo ule na kitakachoachwa nje.

Serengeti haikuwa nchi tupu. Wamasai walikuwa wakichunga humo, na nyumbu walikuwamo pamoja nao. Grzimek alishika neno moja kwa nguvu: ya kuwa katika hifadhi ya taifa asikae mtu yeyote, hata mwenyeji. Mwaka wa 1958, kabla sinema haijaonyeshwa, wazee wa Kimasai walitia sahihi katika hati ya kuondoka, na mwaka wa 1959 nchi ikagawanywa. Upande wa Ngorongoro ulitengwa uwe mahali pa wachungaji na wanyama pamoja, na Serengeti ikawa ya wanyama peke yao. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba sinema ndiyo iliyowaondoa Wamasai. Lakini nasema hivi: mtu wa Frankfurt au wa London aliyekaa gizani akitazama uwanda ule hakupata sababu ya kuuliza wale ng'ombe wamekwenda wapi. Alionyeshwa nchi nzuri, akadhani imekuwa hivyo tangu kuumbwa kwake. Na hadi leo shauri la malisho na makao katika Ngorongoro na Loliondo halijaisha. Wale waliozoea kuitazama nchi katika picha tu huona vigumu kuelewa kwa nini kuna ubishi.

Liko jambo jingine lisilopendeza katika sinema, nalo ni sindano. Nyumbu wa Serengeti waliongezeka toka laki mbili na zaidi mwanzo wa miaka ya 1960 hata wakapata kama 1,300,000 mwaka wa 1977. Sababu kubwa ilikuwa kukoma kwa sotoka. Ugonjwa huo uliingia Afrika ya Mashariki mwisho wa karne ya kumi na tisa, ukaua ng'ombe wengi ajabu pamoja na nyati na nyumbu. Mabwana mifugo walipowachanja ng'ombe wa vijiji, ugonjwa ukakosa mahali pa kujificha, na ndama wa nyumbu wakapona bila kuguswa na mtu. Mwaka wa 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani kote. Mchungaji aliyeswaga ng'ombe wake mpaka penye sindano alimwokoa nyumbu kuliko watazamaji wote wa sinema, wala hakupewa tuzo.

Nimesema ya kuwa kamera huchagua. Wakati mwingine hufanya vibaya zaidi, husema uongo. Mwaka wa 1958 kampuni ya Walt Disney ya Marekani ilitoa sinema juu ya wanyama wa nchi za baridi. Ndani yake walionekana wanyama wadogo mfano wa panya, waitwao lemming, wakijitupa majini kwa makundi kana kwamba wamechoka na maisha. Sinema hiyo nayo ilipata Oscar, mwaka mmoja tu kabla ya ile ya Serengeti. Katika miaka ya 1980 wachunguzi wa televisheni ya Canada walifunua ukweli: wanyama wale walinunuliwa, wakaletwa katika jimbo la Alberta ambalo hata bahari halina, wakazungushwa juu ya meza iliyofunikwa theluji ili waonekane wengi, kisha wakasukumwa mtoni. Lemming hajiui. Hata hivyo wako watu wengi duniani waaminio mpaka leo kwamba hujiua, kwa sababu waliona kwa macho yao.

Kazi njema huchukua muda mrefu na huanza na kungoja. Kijana mmoja aliyekulia Kenya, Alan Root, alisaidia kupiga sinema ile ya Serengeti, na baadaye yeye na mkewe Joan wakawa mabingwa wa kazi hii. Katika chemchemi za Mzima, Tsavo, waliingia ndani ya maji na kupiga picha za viboko wakitembea chini, na Alan alipata kuumwa mguu na kiboko kwa ujasiri huo. Lakini mimi naisifu zaidi sinema yao ya mwaka wa 1978, juu ya kichuguu. Nani kwetu asiyejua kichuguu? Twaangua kumbikumbi wake, twachimba udongo wake, twakaa juu yake tukilinda ndege wa mtama. Lakini ni wangapi waliopata kumwona malkia wa mchwa chumbani mwake, mnene kama kidole, akitaga bila kupumzika, au bustani za uyoga ambazo mchwa huzilima ndani kwa chakula chao? Hakuna tembo atakiwaye kwa picha kama hiyo, wala safari ya mbali.

Sasa namrudia yule msikilizaji mwenye mahindi. Kwa miaka mingi sinema hizi zilipigwa hapa na kuonyeshwa kwingine. Mtoto wa Ulaya alimjua tembo anyonyeshaye mwanawe. Mtoto wa kijiji kilicho mpakani mwa hifadhi alimjua tembo avunjaye ghala usiku. Wote wawili walijua nusu. Tanzania hulipa fedha kidogo kwa mkulima aliyeharibiwa shamba na wanyama, na malipo hayo huitwa kifuta jasho. Jina lenyewe latuambia kwamba hayafiki thamani ya kilichopotea. Mpiga picha atakaye kuwaokoa tembo kwa kweli, na aje pia na kamera yake shambani usiku ule, ili wale watoao fedha huko mbali wajue ni nani aliyekwisha kuwatangulia kulipa.

Mambo yameanza kubadilika. Tangu mwaka wa 2019 Mkenya Paula Kahumbu ameonyesha katika televisheni ya Kenya mfululizo wa sinema za wanyama ambamo Wakenya wenyewe ndio waelezao: wataalamu, askari wa wanyama, na watu wa vijijini. Watazamaji wanaokusudiwa kwanza ni majirani wa wanyama hao.

Nanyi wanafunzi, Kenya ina vyama vya wanyamapori mashuleni tangu mwaka wa 1968, na Tanzania ina vilabu vya Malihai. Asiye na kamera na achukue daftari, aandike tarehe, mahali, saa, aina ya mnyama na idadi yake, na kama alikuwa akila nini. Aandike hata yale asiyoyapenda, kama vile miguu ya mahindi iliyovunjwa, naye ahesabu kwa vidole vyake, asikisie. Mwalimu wenu ndiye wa kuulizwa kwanza habari za chama kilicho karibu. Na kama hakuna chama, watoto kumi na daftari moja watosha kuanzisha. Kwaherini.