Begi ni Sehemu ya Bei ya Gitaa

Mada iliyowasilishwa na Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya vikundi vya vijana wa muziki na viongozi wa kwaya, katika ukumbi wa kata.



Kama mnavyofahamu, sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Baadhi ya vikundi vilivyomo humu vinaandaa maandiko ya miradi ya muziki. Orodha za vifaa zinataja gitaa la besi, amplifaya, spika na nyaya. Begi la kubebea gitaa aghalabu halimo, na likiwamo hutengewa fedha zilizobaki. Nimeombwa nizungumzie kitu hicho kinachosahauliwa, na hoja yangu ni moja: gitaa likivunjika njiani, marejesho ya mkopo hayasimami. Kikundi kitaendelea kulipa deni la chombo kisicholia.

Tuanze na chombo chenyewe. Mwaka 1951 Mmarekani Leo Fender aliingiza sokoni besi aliyoiita Precision Bass, na umbo lake ndilo linalofuatwa na besi nyingi hadi leo. Sehemu ya uzi inayolia huwa na urefu wa takribani sentimita 86, ilhali ya gitaa la kawaida la umeme ni kama sentimita 65. Ndiyo maana besi nzima hukaribia sentimita 115 hadi 120, na uzito wake huwa kama kilo 4. Nyuzi nne zikishakazwa huivuta shingo kwa nguvu ya takribani kilo 70, sawa na uzito wa mtu mzima. Shingo hubeba mzigo huo usiku na mchana, hata gitaa likiwa limelala. Pigo linaloangukia shingoni au kichwani, penye vikazio vya nyuzi, humkuta mtu aliyekwisha kulemewa.

Kwa hiyo, mkienda dukani, nendeni na gitaa lenyewe. Begi la gitaa la kawaida halitaitosha besi, na begi kubwa mno huiacha icheze ndani na kujigonga. Ingizeni gitaa, fungeni zipu, kisha lisukeni taratibu. Likitulia, kipimo kimekubali. Wenye besi ya nyuzi tano waangalie pia upana wa kichwa.

Jambo la pili ni unene na aina ya povu lililomo. Povu lenye unene wa milimita 20 hivi ni kiasi kizuri cha kuanzia, lakini unene peke yake hudanganya. Sponji laini ya godoro hubonyea papo hapo na hunyonya maji. Tafuteni povu gumu lisilopitisha maji, la jamii ya lile la soli za kandambili. Bonyezeni kwa dole gumba: kidole kikigusa upande wa pili bila upinzani, begi hilo litazuia vumbi tu.

Tatu, tazameni mahali pigo linapotua. Begi hushushwa chini kwa kitako, na kitako cha gitaa kina kifungo cha chuma cha kushikia mkanda. Kifungo hicho hutoboa kitambaa, kisha hupokea kishindo chote cha sakafu. Begi imara lina kipande cha mpira au ngozi mahali hapo. Ndani yake, chini ya shingo, pawe na mto unaoiegemeza, ili kichwa kisiguse ukuta wa begi. Mfuko wa nje unaokaa juu ya nyuzi usijazwe vitu vizito, kwa kuwa uzito wake huishia shingoni.

Nne, kagueni zipu na mishono. Zipu namba 5 inafaa nguo. Kwa mzigo huu ombeni namba 8 au 10. Meno ya chuma hushika kutu na kukwaruza rangi ya gitaa, hivyo ya nailoni yanafaa zaidi. Mikanda ya mabegani iwe miwili na mipana, na pale inaposhonewa pawe na mshono wa mraba uliokatizwa kwa msalaba. Mstari mmoja wa uzi hauwezi kuhimili kilo 4 zinazorushwarushwa na barabara ya changarawe.

Hata begi bora lina mipaka yake. Katika bodaboda, abiria alivae mgongoni, akikumbuka kwamba kichwa cha gitaa kimepita kichwa chake. Matawi na vizingiti vya milango havina huruma. Katika daladala, lisimame katikati ya magoti yenu, lisilazwe chini ya magunia. Kwa safari ya basi, ambako mizigo hupangwa buti juu ya mizigo, begi la kitambaa halitoshi. Hapo pahitajika sanduku gumu. Mkinyeshewa, toeni gitaa mara mfikapo, lifuteni, na muanike begi likiwa wazi. Gitaa lililofungiwa ndani ya unyevu huota kutu nyuzini, na mbao zake huweza kupinda.

Yako mabegi ya dukani yenye sifa hizi, na wako mafundi wa mabegi katika masoko yetu wanaoweza kuyashona kwa turubai, povu na zipu mtakazozichagua wenyewe. Mpelekeeni fundi gitaa apime, mwandikieni mnachotaka, na msimlipe fedha zote kabla ya kulijaribu begi. Popote mnunuapo, chukueni risiti, maana ndiyo ushahidi wa matumizi ya fedha za mkopo.

Ombi langu kwa viongozi wa vikundi ni kwamba, kabla andiko halijafika kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, lifungueni tena ukurasa wa vifaa. Andikeni gitaa la besi pamoja na begi lake katika mstari mmoja, kwa bei moja. Fedha zikipungua, chagueni gitaa la bei nafuu kidogo, lakini begi lisifutwe.