Pango Lina Mwenyewe: Mnyama na Shimo katika Utendi wa Mwindo

Katika masimulizi ya Kivu, pango ni nyumba. Lina mlango wa mbele na tundu la kutorokea nyuma, lina ukuta unaoweza kumgomea mgeni, na zaidi ya yote lina mwenyewe. Mara nyingi mwenyewe huyo ni mnyama. Hupokea wageni, huficha wakimbizi, na akitaka hufunga mlango.

Mafunzo ya falsafa yamewazoeza wasomaji picha nyingine. Pango huelezwa kuwa ishara ya ujinga, mahali ambapo akili imefungwa minyororo mpaka itoke juani. Mnyama naye huelezwa kuwa barakoa tu, binadamu aliyevishwa manyoya ili asemwe bila kutajwa jina: sungura ni ujanja, fisi ni ulafi, basi. Maoni haya yamerudiwa hata hayaonekani tena kuwa maoni. Yanachukuliwa kuwa ndiyo maana ya pango kwa watu wote wa nyakati zote, na heshima hiyo hayaistahili.

Chanzo cha picha hiyo ya pango kinajulikana: kitabu cha saba cha Jamhuri ya Plato, kilichoandikwa Athens katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Wafungwa wamefungwa shingo na miguu, wanautazama ukuta. Nyuma yao unawaka moto, na kati yao na moto wanapita watu waliobeba vinyago. Vivuli vya vinyago hivyo ndivyo wafungwa wanavyoviita dunia. Wafafanuzi wengi hukimbilia jua lililo nje. Wachache hukawia kwenye vinyago, na hapo ndipo penye jambo. Plato anaeleza kwamba ni sanamu za watu na za wanyama, zilizochongwa kwa mawe na mbao. Basi katika pango lote hilo hamna hata popo mmoja aliye hai. Hamna kinyesi, hamna harufu, hamna nyayo, wala kiumbe anayekaa humo kwa kupenda. Ni pango lililoundwa kwa ajili ya hoja, na kwa hoja ile linafaa sana. Wenye kosa ni wale wanaokichukua chumba hicho kitupu wakapimia mapango yote ya dunia.

Mapango halisi hayana utupu huo. Katika Mlima Elgon, tembo huingia gizani katika pango la Kitum na kukwangua kuta kwa pembe ili wapate chumvi. Pango la Chauvet, lililogunduliwa kusini mwa Ufaransa mwaka 1994, lilikuwa makao ya dubu, na watu waliochora humo simba na vifaru zaidi ya miaka 30,000 iliyopita walichora kwenye kuta zenye alama za makucha. Huko Kondoa, Tanzania, penye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, baadhi ya mapango bado hufanyiwa matambiko. Msomaji wa Kurani anawajua vijana wa sura ya Al-Kahf, walioingia pangoni kuilinda imani yao, na mbwa wao aliyenyoosha miguu ya mbele kizingitini. Hakuna haja ya kukaa sana juu ya mifano hii.

Ushahidi mkubwa uko karibu zaidi, katika misitu ya Walikale, kwa Wanyanga. Mwaka 1956 msimulizi Candi Rureke aliutoa utendi wa Mwindo kwa siku 12, akiimba, akicheza na kuigiza, huku Daniel Biebuyck na wasaidizi wake wakiandika. Maandishi hayo, yaliyotayarishwa na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, yalichapishwa California mwaka 1969. Ni miongoni mwa kazi kubwa kabisa zilizotoka Kongo, na inauma kwamba kijana wa Goma humjua mfungwa wa Plato kabla ya kumjua Mwindo.

Shemwindo, mtemi wa Tubondo, hataki mtoto wa kiume. Mwindo anazaliwa akiwa tayari anasema na kutembea. Baba anajaribu kumwua, anashindwa, kisha anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto anasafiri majini mpaka kwa shangazi yake Iyangura, mke wa Mukiti, nyoka wa vilindi. Njiani wanyama wana kazi zao. Buibui anamjengea madaraja juu ya mashimo ya mtego. Wajomba zake ni popo, na popo hao ni wahunzi: wanamvisha chuma mwili mzima. Mkononi ameshika conga, usinga wa mkia wa nyati. Anayesema kwamba wanyama hawa ni barakoa na aeleze popo wanamficha nani. Hawakuvishwa tabia ya mtu yeyote. Ni wajomba, na mjomba ana wajibu kwa mpwa wake.

Mwindo anaporudi kudai haki, baba anakimbia. Anang'oa kangaga liitwalo kikoka na kuingia ardhini pale palipokuwa na mzizi. Mlango wa kuzimu, kumbe, ni mmea ambao mtu huupita akienda shambani. Na huko chini hakuna vivuli. Kuna Muisa, anayempa mgeni kazi ya kupanda migomba na kurina asali. Kuna Kahindo, mwenye vidonda vya buba, ambaye Mwindo anamwosha. Kuna Sheburungu, mcheza kamari. Na kuna Ntumba, yaani mhanga.

Shemwindo amejificha kwa Ntumba, pangoni. Mwindo analipiga pango kwa conga; pango linakataa. Anamwita Nkuba, mwenye radi, na radi inalipasua. Ndani hamna mtu, maana mhanga amekwisha kumtorosha mgeni wake aende kwa Sheburungu. Mwindo anamlaani Ntumba.

Tukio hili fupi lingestahili mhadhara wake peke yake. Aliyelitunga alimfahamu mnyama. Mhanga hutoka usiku, hula mchwa na siafu, na kucha zake huchimba ardhi ngumu kwa kasi ambayo mtu mwenye jembe haiwezi. Shimo lake laweza kuwa na milango kadhaa, na akilihama, ngiri na nungunungu huhamia. Katika maumbile yeye ndiye mjenzi wa nyumba za wengine, na katika utendi ndiye mwenye kuhifadhi mkimbizi. (Kiswahili kina neno hilohilo, mhanga, kwa mwenye kutolewa sadaka. Kufanana huko kunavutia, lakini hoja haiwezi kujengwa juu ya sauti.) Kwa Plato, anayetaka ukweli hutoka pangoni. Kwa Rureke, anayetaka ukweli hushuka, na anachokipata chini ni baba yake mwenyewe, ambaye atarudi naye Tubondo wagawane utawala.

Sanaa ya Balega, ndugu wa jirani upande wa kusini, inathibitisha jambo lilelile kwa njia nyingine. Katika chama cha Bwami, kakakuona anaheshimiwa kwa kuwa ndiye aliyewafundisha watu kuezeka nyumba: magamba yake yamepangwa kama majani juu ya paa. Mnyama ni fundi, na binadamu ni mwanafunzi wake.

Ardhi ya Goma nayo ina neno. Mji umekaa juu ya lava ya Nyiragongo, mlima uliolipuka mwaka 1977, 2002 na 2021. Lava ikiganda juu huku chini ikiendelea kutiririka, huacha mifereji mitupu iliyoezekwa jiwe. Katika mtaa wa Ndosho, anayechimba choo hupiga mtaimbo siku nyingi kabla ya kupata kina, na safari nyingine mtaimbo huzama ghafla. Ndivyo ilivyotokea, miaka mingi iliyopita, katika kiwanja cha familia ya mwandishi wa mhadhara huu. Vijana walishangilia kwamba ardhi imewamalizia kazi. Jirani, mzee wa Kinyanga, aliwasogeza kando, akapiga magoti ukingoni, akasema: “Hodi.” Akangoja kama mtu angojavyo mlangoni. Kisha akaagiza kuku ateremshwe kwa kamba ndani ya kikapu. Kuku alipopandishwa, shingo ilikuwa imelegea.

“Mwenyewe yumo,” mzee alisema.

Watetezi wa Plato watadai kwamba kisa hiki ni chao, kwa kuwa shimo lilikuwa kifo na mzee alilijibu kwa ushirikina. Sehemu ya kwanza ni kweli. Gesi ambayo watu wa Goma huiita mazuku ni kaboni dioksaidi. Ni nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni na mashimoni, na mbuzi au mbwa huanguka kabla ya mtu kwa sababu pua zao ziko karibu na ardhi. Sehemu ya pili haisimami. Mzee alibisha, akangoja, akatuma mnyama, akasoma jibu. Aliyeamini kwamba pango ni giza tupu angeteremka mwenyewe na tochi.

Jioni ile bamba la jiwe lilisukumwa mpaka likaziba tundu, na choo kikachimbwa upande wa pili wa kiwanja, mtaimbo baada ya mtaimbo, kwa wiki tatu.