Mike Quill: Karani wa Tikiti Aliyeingia Barazani



Katika mikutano yetu swali hili halikosi kuulizwa: Je, yafaa kiongozi wa chama cha wafanyakazi agombee udiwani? Wengine husema haifai, maana akishakalia kiti cha baraza atatusahau. Wengine husema ni lazima, kwa kuwa mambo mengi yatuhusuyo hukatwa huko. Leo twataka kuwaeleza habari za mtu mmoja wa kazi kama yetu, tupate kulipima swali hilo kwa mfano wa kweli.

Jina lake ni Michael Quill, na wenzake walimwita Mike. Alizaliwa mwaka 1905 huko Kilgarvan, wilaya ya Kerry, nchi ya Ireland, ambayo siku hizo ilitawaliwa na Uingereza. Katika ujana wake aliingia katika vita vya kupigania uhuru wa nchi yake. Mwaka 1926 alihamia New York, Marekani, akaandikwa kazi katika treni zipitazo chini ya mji. Alikaa katika kibanda cha tikiti saa 12 kila usiku, siku 7 kwa juma. Sisi tuliokesha stesheni twajua maana ya zamu moja kama hiyo; mwenzetu huyu hakuwa na hata Jumapili.

Mwaka 1934 yeye na wenzake wakaanzisha Chama cha Wafanyakazi wa Usafirishaji. Kazi hiyo ilifanywa kwa siri, vikundi vidogo vidogo, kwa sababu kampuni ziliweka wapelelezi na aliyejulikana alifukuzwa. Mwaka 1935 Quill alichaguliwa kuwa rais wa chama. Mwezi wa Januari 1937 watu walipofukuzwa kwa ajili ya chama, wafanyakazi wa mtambo wa umeme wa Kent Avenue waliketi ndani ya mtambo wakakataa kutoka. Waliofukuzwa wakarudishwa kazini.

Mwaka huo huo wa 1937 Quill alichaguliwa diwani wa mji wa New York kwa kura za Bronx. Tazameni jambo hili vizuri: hakuacha chama ili awe diwani. Alishika vyote viwili. Mwaka 1939 alishindwa, lakini hakupotea, kwa kuwa chama kilikuwa bado nyumbani kwake. Akarudi barazani baada ya uchaguzi wa 1943, akakaa mpaka 1949. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Tena kulikuwa na jambo la rangi. Wafanyakazi weusi katika treni hizo walipewa hasa kazi za chini kama kufagia. Wazee wetu walioajiriwa relini wakati wa ukoloni hawahitaji kuelezwa habari hiyo. Mwaka 1941 watu wa Harlem walisusia mabasi, na chama cha Quill kikakubaliana nao na kampuni kwamba watu weusi waandikwe madereva na mafundi. Mwezi wa Agosti 1944 huko Philadelphia wafanyakazi weupe waligoma kwa kuwa watu weusi 8 walikuwa wakifundishwa kuendesha tramu. Chama kiliupinga mgomo huo, ingawa wagomaji wengine walikuwa wanachama wake. Rais Roosevelt alipeleka askari, na tramu zikaenda. Mwaka 1961 Quill alimwalika Martin Luther King ahutubie mkutano mkuu wa chama.

Hatusemi alikuwa malaika. Kwa miaka mingi alishirikiana na Wakomunisti, kisha mwaka 1948 akawageuka na kuwaondoa katika uongozi. Mwaka huo nauli ilipanda kutoka senti 5 hadi senti 10, naye akakubali ipande ili mishahara iongezwe. Wako waliomwita msaliti. Lakini wanachama walipata nyongeza, na wao ndio walioendelea kumchagua.

Tarehe 1 Januari 1966 aliongoza mgomo uliosimamisha treni na mabasi ya New York kwa siku 12. Sheria ya jimbo ilikataza watumishi wa umma kugoma, na korti ilikuwa imeamuru wasigome. Quill aliirarua amri hiyo mbele ya watu. Tarehe 4 akatiwa gerezani, na humo moyo wake ukamshinda, akapelekwa hospitali. Mapatano yalifanyika, mishahara ikapanda. Tarehe 28 Januari akafariki, umri wake miaka 60.

Basi ndugu, jibu letu ni hili. Kiti cha udiwani ni kama spana: chafaa ikiwa mkono unaoshika ni wa chama. Quill hakuwa na nguvu kwa sababu ya kiti. Alikuwa na nguvu kwa sababu ya watu walioweza kusimamisha treni, weusi kwa weupe. Kwa hiyo tukimpeleka mwenzetu barazani, tumpeleke akiwa bado na kadi ya chama mfukoni. Aje mkutanoni kila mwezi, atoe habari, aulizwe maswali. Nasi tulipe ada zetu na kuhudhuria, kwa maana chama kisicho na watu hakina diwani wa kumwuliza.